Tiketi ya Kurudi

Tuanze na hesabu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka wa 1901. Waliotolewa India kwa mkataba kuja kuijenga walikuwa 31,983. Kati yao, 2,493 walikufa. 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa. 16,312 walirudi mkataba ulipokwisha, au walipofukuzwa kazi. Na 6,724 walibaki huku. Jumlisha uone, hakuna hata mtu mmoja aliyekosekana kwenye hesabu. Wakoloni walihesabu watu vile muuza hardware anavyohesabu mabati.

Mimi ni mtoto wa Machakos, na shuleni reli hii tulifundishwa kama hadithi ya simba wa Tsavo. Simba wale wawili kila mtu anawajua. Lakini kwenye mkataba wa wale vibarua kulikuwa na kipengele ambacho naona kinatuhusu leo kuliko simba wote. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na ukiisha, nauli ya kurudi India ilikuwa juu ya mwajiri. Iliandikwa hivyo kabla mtu hajakanyaga meli.

Na kuna walioikataa. Ukiondoa waliokufa na walioharibika mwili, wanabaki watu 23,036. Karibu watatu kwa kila kumi hawakuitumia ile tiketi. Walitazama nyuma, wakatazama mbele, wakasema hapa panatosha.

Sitaki kuipaka historia hii asali. Maiti 2,493 ni zaidi ya wawili kwa kila kilomita ya reli. Watu walioacha miguu, macho na mapafu Taru na Tsavo hawakuwa watalii. Mkataba wenyewe ulitokana na mfumo ambao Waingereza waliubuni baada ya kufuta utumwa, wapate mikono ya bei rahisi bila kuiita mitumwa. Ninachosema ni kitu kidogo tu: hata ndani ya mfumo huo mkali, swali la kurudi lilijibiwa mapema, mtu akiwa bado kwao, bado ana nguvu, bado anaweza kusema siendi.

Linganisha na kilichokuwa kinatokea kwetu wakati huohuo. Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, na John Ainsworth alikalia ofisi yake hapa kuanzia 1892. Halafu reli ikatupita. Ilifuata tambarare, upande wa pili wa vilima, na kituo kimoja kikaitwa Machakos Road, yaani shuka hapa, mji utautafuta mwenyewe. Mei 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka uleule makao ya utawala yakahama Machakos. Miaka hiyohiyo Ukambani ulikuwa umeshikwa na njaa ambayo wazee huiita Ngomanisye. Watu walikwenda Ukikuyu kutafuta chakula. Wengine waliwaacha watoto na wasichana kwa wenyeji kama rehani ya mahindi na maharagwe. Mvua iliporudi, wako waliorudi na wako waliobaki hukohuko, wakaoa, wakaolewa, wakabadilisha lugha. Hao hakuna aliyewahesabu. Kwenye tambarare moja walipishana mtu mwenye tiketi ya kurudi na mtu asiye na tiketi yoyote, na aliyekuwa kwao ndiye huyo wa pili.

*

Nimekuwa nikizifukua hesabu hizi kwa sababu ya binamu yangu. Aliondoka hapa kwenda masomo ng'ambo. Viza ikaisha, akaomba hifadhi, akakataliwa, akakata rufaa. Nchi siitaji, kesi yake bado iko mezani. Mwaka jana alipewa karatasi inayosema hivi, kwa ufupi: ukikubali kurudi kwenu kwa hiari, tutakukatia tiketi ya ndege na tutakupa pesa za kuanzia maisha. Ukizigeuza kuwa shilingi, ni kama nusu milioni. Akanitumia ujumbe wa sauti usiku: "Cuzo, wewe ni mtu wa vitabu. Hii ni msaada ama ni mtego?"

Nikapeleka swali nyumbani, si unajua vile huwa. Shangazi yangu, mamake, hakusita. "Mkataa kwao ni mtumwa. Mwambie arudi, nimemkumbuka." Mjomba wake, ambaye aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ile safari, akauliza swali moja tu: "Arudi na nini?" Nusu milioni, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akapiga hesabu ya deni la sacco, ng'ombe, na mchango ambao majirani walitoa. Kisha akasema, "Basi atashuka uwanja wa ndege akiwa amebaki na mkoba."

Methali zetu ziko pande zote mbili. Mkataa kwao ni mtumwa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini pia, hiari yashinda utumwa. Kwa hiyo swali linakuja kwa neno moja, hilo *hiari*. Ni nani anayelipima, na kwa kipimo gani?

*

Wengi hufikiri kulipa wageni ili waondoke ni jambo jipya, la wanasiasa wa siku hizi. Si jipya. Na ukifuata nyuzi zake nyuma, moja inapita kwenye maduka ya miji kama Machakos.

Kuna kosa watu hufanya: wanadhani kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa kibarua wa reli. Wengi wao babu zao walikuja kama wafanyabiashara, reli ikiwa imefungua njia. Allidina Visram, aliyeanzia biashara Bagamoyo na Zanzibar, alifungua maduka kufuata reli mpaka Uganda. Nyuma yake na nyuma ya matajiri wengine kama yeye walikuja wadogo, mtu na duka lake la chumvi, shuka na mafuta ya taa. Hawa hawakuwa na mkataba wa kurudi. Waliondoka kwao kwa nauli yao, na kurudi kungekuwa kwa nauli yao.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, waliambiwa wana miaka miwili ya kujiandikisha kuwa raia. Wengine walijiandikisha. Wengi walikaa na pasipoti ya Uingereza, wakingoja kuona. Mwaka wa 1967 Bunge letu likapitisha sheria mbili: moja ya uhamiaji, iliyomtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na moja ya leseni za biashara, iliyompunguzia asiye raia maeneo na bidhaa za kuuza. Mtu aliyezaliwa juu ya duka la babake katika mji mdogo akajikuta hana ruhusa ya kuuza sukari.

Wakaanza kwenda London kwa ndege, pasipoti ya Uingereza mkononi. Serikali ya huko ikashtuka. Sheria ya kuwazuia ilipita Bungeni kwa siku tatu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968. Kuanzia hapo, pasipoti ya Uingereza haikutosha kumwingiza mtu Uingereza kama hakuwa na mzazi au babu wa huko. Wiki saba baadaye, tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell alisimama Birmingham akatoa hotuba iliyomfanya afukuzwe kwenye uongozi wa chama chake. Watu hukumbuka maneno yake ya damu. Kile ambacho hawakumbuki sana ni kwamba alipendekeza dawa mbili: kufunga mlango wa kuingilia, na kuwapa waliokwisha kuingia pesa na msaada ili waondoke.

Powell alifukuzwa, lakini wazo lake lilipata kiti. Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya 1971 ilikuwa na kifungu cha 29, kilichomruhusu waziri kulipia gharama za mtu anayehama nchi hiyo kwenda kuishi kwingine. Lakini walioiandika waliweka kizuizi ambacho ningependa kila kijana akijue. Pesa zisitolewe ila ikionyeshwa mambo mawili: kwamba mtu mwenyewe anataka kuondoka, na kwamba kuondoka huko ni kwa faida yake. Angalia hiyo "na". Kutaka peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu aliyebanwa vya kutosha atataka chochote.

Sasa mfikirie yule wa duka la Machakos akiwa London mwaka wa 1971, anaambiwa kuna msaada wa kurudi. Kurudi wapi? Kenya imemnyima leseni. India aliiona kwenye picha za harusi. Neno "kurudi" linajifanya linajua kwao mtu ni wapi. Mara nyingi halijui.

*

Kutoka hapo mambo yalikua. Ujerumani ilianzisha mpango wake mwaka wa 1979, ukiendeshwa na shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM. Nchi nyingine zikafuata. Uingereza kazi hiyo ilifanywa na IOM pia, kisha kuanzia 2011 na shirika la hisani liitwalo Refugee Action, na kuanzia 2016 wizara ya mambo ya ndani ikaichukua yenyewe.

Unaweza kudhani hayo ni mambo ya ofisini tu, nani anabeba faili. Hapana. Mtu aliyekataliwa hifadhi akienda kuuliza ushauri kwa shirika la hisani, anaweza kusema, "Sijaamua, nieleze tu." Akienda kuuliza kwa wizara ileile inayoweza kumkamata na kumpakia kwenye ndege, swali lake limebadilika hata kabla hajafungua mdomo. Ni kama kumwendea mwenye nyumba anayekufukuza umuulize kama ni vizuri uhame.

Na bei inapanda. Uingereza msaada hufika hadi pauni 3,000. Marekani, Mei 2025, ilitangaza dola 1,000 pamoja na nauli kwa asiye na makaratasi atakayejiandikisha kwa simu na kuondoka. Uswidi imepita wote: iliamua kwamba kuanzia Januari 2026 mtu mzima anaweza kupata hadi kronor 350,000, pesa ambazo zamani zilikuwa 10,000. Na Uswidi haizungumzi na waliokataliwa. Inazungumza na wakimbizi waliokwisha kukubaliwa, wenye vibali halali. Serikali inapomlipa mtu mwenye haki ya kukaa ili aache haki yake, tumetoka kwenye msaada wa nauli, tuko sokoni.

Niwe wa haki. Iko hali ambayo tiketi hii ni rehema. Mtu amekwama Libya kwenye jela ya wanamgambo, hana njia, na ndege ya IOM ndiyo mlango pekee. Mtu amechoka, mamake anaumwa, anataka kwenda nyumbani na hana nauli. Kumnyima tiketi huyo kwa sababu ya usomi wangu itakuwa ukatili. Waliopita Libya wakarudi hai hawataki kusikia mimi nikichambua neno hiari.

Tena kuna upande ambao tiketi haipo kabisa. Januari 2022 wanawake Wakenya walipiga kambi nje ya ubalozi wetu mdogo jijini Beirut wakiomba kurudishwa nyumbani. Walikuwa wafanyakazi wa nyumbani chini ya kafala, mfumo ambao kibali cha mgeni kimefungwa kwa mwajiri wake mmoja, na pasipoti mara nyingi iko kwenye droo ya mwajiri huyo. Uchumi wa Lebanon ulipoanguka, wengine walifukuzwa bila mshahara na bila karatasi. Walitaka kurudi, na kutaka kwao hakukuwa na shida yoyote. Kilichokosekana ni nauli na pasipoti. Kibarua wa 1896 angewashangaa: mmesafirije bila kujua nani atawarudisha?

*

Kabla hatujawanyooshea Wazungu kidole, tujitazame. Sisi pia tumewahi kuwapa wageni karatasi ya hiari.

Novemba 2013 Kenya, Somalia na shirika la umoja wa mataifa la wakimbizi, UNHCR, zilitia saini mkataba wa kuwarudisha Wasomali wa Dadaab kwa hiari. Mkataba wenyewe ukiusoma ni mzuri. Halafu Aprili 2015 magaidi wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Siku chache baadaye naibu wa rais akatoa makataa ya miezi mitatu Dadaab ifungwe. Mei 2016 serikali ikatangaza tena kwamba inafunga, ikavunja na idara ya wakimbizi. Hebu jiweke pale. Asubuhi unasikia redioni kambi inafungwa mwisho wa mwaka. Mchana unaitwa kwenye meza uulizwe kama ungependa kurudi Somalia kwa hiari, na kuna pesa kidogo. Utasema nini? Ukikataa leo, huenda kesho utaondolewa bila hizo pesa.

Tarehe 9 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitoa hukumu kwamba kuifunga Dadaab namna ile ni kinyume cha katiba. Hukumu ya hapa kwetu, ya jaji wetu, kuhusu watu wasio raia wetu. Tunaposema Ulaya inawabana watu wetu, tukumbuke pia tuliwahi kubana, na mahakama yetu ikasema basi.

*

Nilimjibu binamu yangu hivi. Sikumwambia arudi wala asirudi, kwa sababu mimi nalala Machakos na yeye ndiye anaamka kule. Nilimwambia aulize mambo matatu kabla ya kutia saini. La kwanza, nikisema hapana, ninabaki na nini: chumba, chakula, rufaa? Kama ukisema hapana unabaki bila chochote, basi hiyo ndiyo yako ina mkono wa mtu mwingine ndani yake. La pili, anayenishauri anafaidika na jibu gani? Atafute mwanasheria ambaye halipwi na aliyeandika karatasi. La tatu, nikirudi, mlango wa nyuma unafungwa kwa miaka mingapi? Maana Mhindi wa 1901 aliyerudi Punjab angeweza kupanda meli tena mwaka uliofuata. Leo mara nyingi ukichukua pesa umefunga njia.

Alinijibu kwa neno moja, "Sawa," na siku tatu baadaye akanitumia picha ya ukurasa wa pili wa ile karatasi, mistari minne amepigia kalamu nyekundu. Kwa mjomba nilisema kitu kingine. Nilimwomba ampigie simu amwambie kwamba wale ng'ombe tumeshawasahau. Kwa sababu nimegundua sisi wa nyumbani pia tunashika kipande cha hiari ya mtu. Anayejua atacheka na watu wake hata akirudi mikono mitupu ana uhuru wa kuamua. Anayejua ataulizwa ng'ombe hana.

Nawe unayesoma hii ukiwa Nairobi au Machakos, pengine unatafuta njia ya kwenda. Sitakuzuia, nani atakulaumu? Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba jijini Berlin. Vichwa vya habari viliandika nafasi za kazi kwa vijana wetu wenye ujuzi, na hizo zimo. Lakini mkataba huohuo unaeleza pia jinsi Mkenya asiye na haki ya kukaa Ujerumani atakavyorudishwa. Mlango wa kuingia na mlango wa kutoka viko kwenye karatasi moja. Kwa hiyo wakala akikuwekea mkataba wako mezani, awe ni wa Berlin, Riyadh au Doha, usiishie kwenye mshahara. Tafuta panapoandikwa nauli ya kurudi: ni ya nani, italipwa lini, na pasipoti yako itakaa kwa nani. Kama hapajaandikwa, uliza ukiwa bado hapa, ukiwa bado unaweza kusema siendi.